Waliopotea: Tisa

Makala imetoka. Kurasa nane,
herufi kama chungu waliopanga foleni,
jina la Daktari Aikande Lyatuu mbele,
nyuma yake wengine sita, wawili sijawahi kuwaona.
Langu liko mwishoni, kwenye shukrani,
limekosewa: Anaeli Ngoi, bila w.
Si neno. Nani husoma shukrani?

Mimi ni karani wa wodi ya watoto wachanga, hapa Moshi.
Miaka mitatu nimeandika joto.
Saa nane usiku, Julai, ukungu umeshuka hadi getini,
mama kaja na pikipiki kutoka Kibosho,
mtoto kafungwa khanga mbili na sweta la babaye,
nesi anaweka kipimajoto kwapani,
anasoma kwa sauti, naandika:
thelathini na tatu nukta nane.
Sikuandika kwamba nyayo zake
zilikuwa na rangi ya ganda la kitunguu.
Fomu haina kisanduku cha hilo.

Tunawaita njiti.
Nilidhani ni kwa sababu ya miguu,
hadi usiku mmoja daktari, akipasha viganja kwa kikombe cha chai:
"Njiti, Anaeli, moto wake uko kichwani.
Ukimwacha kwenye upepo, umezima. Mvike kofia."
Ndio utafiti wote huo, ukiuvua koti lake:
kofia ya sufu, kifua cha mama,
mlango wa wodi ufungwe.
Kurasa nane kusema mlango ufungwe,
na bado haufungi, bawaba imelegea tangu masika.

Jedwali la pili ndilo linalonikosesha usingizi.
Watoto mia nne na kumi na wawili.
Walioruhusiwa, wakaonekana tena siku ya ishirini na nane:
mia tatu arobaini na mmoja.
Waliofariki: sitini na wawili.
Waliopotea: tisa.

Waliopotea.
Aliyepotea ni yule asiyejulikana alipo,
na mimi namba mia moja kumi na saba najua alipo.
Simu ya mama ilikuwa haipatikani,
nikapanda Uru, utelezi, viatu mkononi,
nikiulizia kwa jina la baba mkwe
hadi nikamkuta Dafrosa anamenya ndizi.
Hakuuliza nimetoka wapi; beji ilikuwa shingoni.
Akanipa mtori kwanza. Nikala wote.
Ndipo akanipeleka kihambani, nyuma ya migomba,
penye miche miwili ya isale, imeanza kushika.
"Siku ya kumi na tisa," akasema.
"Kofia nimemzika nayo.
Huyu usimwandike na wale."
Wale wepi, sikuuliza.

Nikateremka na fomu tupu.
Asubuhi daktari akaniuliza. Hapatikani, nikasema.
Akanitazama kupita kawaida yake,
tope lilikuwa bado kwenye pindo la suruali yangu,
akasema: haya, andika amepotea.

Kwa hiyo tisa ni wanane,
sitini na wawili ni sitini na watatu,
na makala ina kosa, ukiacha ile w yangu.
Mabingwa wa mbali wataligawanya, watalizidisha,
litakuwa nukta sifuri kitu fulani
kwenye kitabu cha mtu asiyejua Uru ni mlima au tambarare.
Mara mbili nimefika mlangoni kwa daktari nikaseme.
Mara mbili nimeomba karatasi za printa.

Leo baridi imeanza mapema.
Nakala ya ziada, ile aliyonipa kwa kumbukumbu,
nimeikunja mara nne, nikaisokomeza kwenye bawaba.
Mlango umefunga. Manesi wamecheka.
Jedwali limekaa ndani, sijui upande gani.

Nje pikipiki imezimwa.
Mama mwingine, khanga nyingine.
"Thelathini na tano nukta moja," nesi anasoma.
Naandika.
Halafu pembeni, pasipo na kisanduku,
kwa penseli, naandika pia:
anapiga miayo.